Mshono wa Tairi la Nyuma

Mwezi uliopita nilisimamisha gari langu kando ya barabara, pale Rugenge, nikimsubiri mteja. Gari ni langu, si la kazi wala la mume, na kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mashine ya kupimia ardhi ambayo, kutoka hapa mpaka Sange, sijaona mwingine anayejua kuiwasha. Hatua chache mbele yangu fundi wa kinga (ndivyo tunavyoiita baiskeli hapa Uvira) alifungua kichupa cha gundi, akapaka mpira, akaupuliza ukauke. Harufu ile ikaingia dirishani. Mimi, mwanamke ninayebishana na wenye mashamba juu ya mipaka yao na kuwashinda kwa hesabu, nikafunga kioo, nikalaza kichwa juu ya usukani na kulia mpaka mteja akaja kugonga.

Papa alikuwa fundi wa kinga. Alizaliwa huko tambarare ya Ruzizi, kwenye mpunga wa Sange, na ziwa alilijua kama jirani wasiyesalimiana. Mama ndiye aliyekuwa mtoto wa ziwa, yeye na kaka yake Kashindi, mvuvi, ambaye sisi watoto tulimwita Yomba, yaani mjomba. Kinga ya Papa aliiunga mwenyewe kutoka kwa kinga kumi na moja zilizokufa. Tairi la nyuma lilikuwa limepasuka, akalishona kwa uzi wa nailoni, akalishona tena juu yake, hadi mshono ukawa mnene kama kidole changu cha mwisho. Gurudumu lilipozunguka, ule mshono uligonga bati la kuzuia matope: tak. Kila mzunguko, tak moja. Nilijifunza kuhesabu kwa sauti hiyo. Kutoka mlango wetu mpaka shuleni, tak mia tatu na nane. Mwalimu alisema nimezaliwa na hesabu kichwani. Hakukosea.

Ninyi mlio rika langu mnakumbuka asubuhi ile vita vilipoingia mjini, kwa hiyo sitaieleza. Nitasema tu kwamba injini ya mtumbwi wa Yomba ilikuwa imeshachukuliwa na wenye bunduki, na mafuta hayakuwepo hata kwa dawa. Papa alikuwa ameshona tanga kwa magunia ya unga, kwa uzi uleule wa nailoni, na tuliposhuka ufukweni alikuwa ameibeba kinga begani.

"Shemeji," Yomba alisema, "mutumbwi hii si kamyo ya kubeba mizigo. Iyo kinga utaiendesha juu ya maji?"

"Minye siachi kinga," Papa alijibu, yaani yeye haiachi.

"Basi acha minye, ubaki nayo. Na iyo tumbo ya dada yangu ikae wapi, mu kapu ya nyuma?"

"Muache, Kashindi," Mama alisema, mkono kiunoni, mimba yake imeshafika mwisho. "Bila kinga huyu hajui ata kutembea."

Tulicheka. Nakumbuka tulicheka kwa sababu risasi zilisikika tukiwa bado na midomo wazi. Yomba akaifunga kinga kwenye mlingoti, gurudumu la mbele juu, na tukaondoka.

Tulisafiri asubuhi tu. Kulipokucha upepo ulishuka kutoka milimani, ukalijaza tanga kwa ubavuni, na mtumbwi ukateleza kuelekea kusini huku gurudumu la mbele likijizungusha lenyewe juu ya vichwa vyetu. Jua lilipopanda, upepo wa ziwa uligeuka, nasi tukajificha kwenye matete mpaka kesho yake. Nilikuwa na miaka kumi na niliamini tunakwenda matembezi. Nilikuwa sijawahi kuona milima yetu kutoka majini, jinsi inavyosimama moja nyuma ya nyingine, na moshi juu yake niliudhani ni wa watu wanaopika.

Siku ya tatu Mama alishikwa na uchungu. Yomba akatupeleka kwenye kisiwa kidogo kisicho na jina kwenye ramani yoyote niliyosoma, nami nimezisoma zote. Wavuvi wake walikuwa wamekimbia, wakaacha vibanda vinne na uwanja wa kuanikia ndagala, dagaa wetu, wenye udongo ulionatwa na magamba, ukimetameta kama vipande vya kioo. Ndugu yangu alizaliwa katika kibanda cha mwisho kabla jua halijazama. Leo ananizidi kimo na ana sauti ya kasisi. Lakini siku ile mtoto alitoka, na damu ya Mama haikusimama.

Niliwasikia Yomba na Papa nyuma ya kibanda.

"Tukimupandisha mu mutumbwi mbele ya damu kusimama," Yomba alisema, "atatuishia mu maji."

Maneno hayo niliyachukua kama yalivyo. Mtumbwi ulikuwa kifo cha Mama. Sikuwaza kwamba mtu mzima anaweza kusema neno kwa sababu ameogopa tu.

Kesho yake asubuhi Yomba alitupeleka, Papa na mimi, upande wa pili wa kisiwa, ule unaotazama bara. Kati yetu na bara palikuwa na maji. Yomba akaingia, akatembea kwenda mbali, na maji hayakuvuka kifundo cha mguu wake. Papa akashika kichwa.

"Kashindi! Iyi si kisiwa! Mutu anavuka na viatu!"

"Weye unaona vile kwa sababu minye niko naingia. Bale wenye wanatufuata si watu wa ziwa. Wanatoka milimani, wanatoka mbali. Wakiona maji, ata ya kulowesha sandale, hawaingii, wanawaza iko na shimo. Ni kama weye siku ile ya ndoa, tulikubeba mugongoni." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Lakini huu ni mwisho ya jua kali, maji iko nashuka kila siku. Siku mchanga itatoka, watakuwa wanaona barabara. Siku ile tunaondoka, dada awe muzima, awe mugonjwa."

Palikuwa na jiwe kubwa pale mchanga wa chini ya maji ulipoanzia. Papa akatoa bisibisi yake, akachora mistari mitatu juu ya jiwe, mmoja chini ya mwingine, kila nafasi upana wa kidole. Maji yalikuwa kwenye mstari wa juu. Yakishuka chini ya wa tatu, mchanga ungetoka.

Yomba alikuwa akienda kila alfajiri katikati ya ziwa kutafuta samaki na habari kwa wavuvi wengine, na hakuthubutu kuusogelea upande wa bara kwa sababu ya bunduki. Papa hakutaka kuondoka karibu na Mama. Kwa hiyo kazi ya jiwe ilikuwa yangu.

"Chukua kinga, mwana wanje," Papa aliniambia, yaani mwanangu. "Zunguka kisiwa chote, unihesabie, kisha uniambie maji iko kwenye musitari gani."

Watu huniuliza ni chuo gani kilichonifundisha kupima. Huwatajia chuo, kwa sababu kina jina kubwa na nilitoka wa kwanza, lakini kazi nilianzia pale. Kinga ilikuwa kubwa kuliko mimi, kwa hiyo nilipitisha mguu chini ya bomba, nikaendesha nikiwa nimepinda kama ndoana. Nilianza vibandani, nikapita uwanja wa ndagala, nikaingia njia ya udongo mwekundu iliyozunguka kilima. Tak, tak, tak. Kwenye mia nne palikuwa na mpera, na chini yake mbuzi aliyeachwa na wenyewe, ambaye kila siku alinifuata mpaka mia tano na kurudi, kana kwamba naye alikuwa na mpaka wake. Baada ya hapo njia iligeuka miamba mitupu, nikaibeba kinga begani kama Papa, nikihesabu hatua zangu na kuzigeuza kuwa tak kichwani, hatua nne kwa tak moja. Kwenye miamba ile aliishi kenge mrefu kuliko mtumbwi, au ndivyo nilivyomwambia Mama. Mama alitabasamu bila kufungua macho.

Kisiwa chote kilikuwa tak elfu moja mia mbili na arobaini. Nilikirudia siku tatu, na mara zote tatu hesabu ilitoka ileile, tofauti mbili au tatu. Papa alisema hajaona mtoto wa namna hiyo. Nilijaa kifua. Nilisahau kwa saa nzima nzima kwa nini tulikuwa pale, na wakati mwingine naona aibu kwamba siku za furaha kubwa za utoto wangu nilizipata juu ya kisiwa kile, wakati Mama akibadilishiwa vitambaa vya vitenge vilivyolowa.

Siku ya kwanza, mstari wa kwanza. Siku ya tatu, wa pili. Kila jioni nilitoa taarifa nimesimama wima kama askari, na Papa alitikisa kichwa, akamtazama Mama, akahesabu kitu ambacho hakunishirikisha.

Siku ya tano nilifika kwenye jiwe, na mistari yote mitatu ilikuwa mikavu. Mbele yangu mchanga ulikuwa umetoka, mweupe, mwembamba, bado unang'aa kwa unyevu, ukienda moja kwa moja mpaka bara. Niliona ni kitu kizuri. Nilipanda kinga, nikaenda juu yake kidogo, nikageuka nyuma kutazama alama niliyoacha: mstari mrefu wa tairi, na kila baada ya mzunguko, uvimbe wa ule mshono, umechapwa safi kama muhuri wa ofisi. Kisha nikakumbuka maneno ya Yomba nyuma ya kibanda.

Nilirudi bila kuhesabu.

Papa alikuwa amepiga magoti nje ya kibanda akifua vitambaa. Yomba alikuwa amerudi, anachoma samaki. Mama alikuwa amekunywa uji nusu kikombe siku ile, kwa mara ya kwanza.

"Maji iko wapi, mwana wanje?"

"Musitari wa pili, Papa."

"Bado wa pili?"

"Bado. Haijashuka."

Papa akafuta mikono kwenye suruali, akaisogelea kinga. Alikuwa akiikagua kila jioni, mnyororo, breki, tairi. Kisiwa kile udongo wake ni mwekundu wote, na mchanga mweupe uko mahali pamoja tu. Alizungusha gurudumu la nyuma taratibu mpaka mshono ukaja juu. Akapitisha kidole gumba kati ya nyuzi zake, akakitazama kile kidole, akakisugua na kidole kingine. Nilimwona. Nilikuwa mtoto wa fundi, nilijua tairi linavyosema.

"Maji iko?" aliuliza tena, polepole, bila kunitazama.

"Iko, Papa."

Alimtazama Mama pale mlangoni, na kile kikombe cha uji karibu naye.

"Basi vizuri," alisema.

Hakumwambia Yomba neno. Alikula samaki, akamfanyia Mama utani kwamba mtoto ana kichwa cha mutu wa Sange, bila shaka atapenda wali. Na mimi, nawaambia ukweli, nililala nikiwa nimefurahi. Nilidhani nimemdanganya hata yeye.

Nilipoamka jua limeshatoka. Yomba alikuwa ameshaondoka na mtumbwi. Kinga haikuwepo.

"Papa ameenda kuangalia kitu," Mama alisema. "Amesema anarudi mara moja."

Nilikimbia kwa miguu njia nzima. Mbuzi alinifuata hadi mpaka wake, akasimama. Pale kwenye jiwe hapakuwa na mtu. Palikuwa na mchanga, mpana kuliko jana, na mchanga ule ulikuwa umeandikwa.

Alama ya kinga ilikuja mpaka kwenye jiwe, nyepesi, ya mtu mmoja aliyepanda. Hapo palikuwa pamechafuka, nyayo nyingi za buti, zimekwenda huku na huku. Kisha alama ya kinga iliendelea kuelekea bara, lakini sasa ilikuwa imezama, pana na nzito, mzigo juu yake, na upande wa kushoto wa alama zilitembea sandale za Papa, zile alizozikata kwenye tairi la gari, kidole kikubwa kimechimba mbele kama mtu anayesukuma kwa nguvu zake zote. Buti zilikuwa mbele yake na nyuma yake. Na hakuna buti hata moja iliyovuka jiwe kuja upande wetu. Alizisimamisha pale. Aliwaambia nini, sijui. Labda aliwaambia yuko peke yake. Labda aliwaonyesha mikono yake na ile kinga, wakaona wamepata mbebaji, wakatosheka.

Nilianza kutembea juu ya mchanga kando ya alama ya mzigo, nikihesabu mshono. Mmoja. Wawili. Sijui kwa nini. Labda nilidhani nikihesabu vizuri, mwisho wa hesabu nitamkuta. Hesabu ilifika mia moja sitini na moja, na pale mchanga ukaisha, barabara ya mawe ikaanza, na mawe hayaandikwi.

Yomba alirudi jua likiwa juu. Nilimwambia mchanga umetoka, Papa amechukuliwa. Sikumwambia umetoka lini. Alimwinua Mama mikononi kama mzigo wa nyavu, akamlaza kwenye mtumbwi, mtoto kifuani, na upepo haukuwa wetu, tulipiga makasia. Mama alilia njia yote akiita jina la Papa, akamwita Yomba mwoga, muuaji, mjinga, akamng'ata mkono. Nilikaa miguuni pake nikiutazama uso wake, nikingoja afe, kama Yomba alivyosema.

Hakufa. Hakufa siku ile wala kesho yake. Damu ilisimama yenyewe ng'ambo ya ziwa, na Mama aliishi miaka mingi. Aliuza vitumbua kambini, alinisomesha, alikaa mstari wa mbele nilipopewa diploma yangu na akapiga vigelegele mpaka mkuu wa chuo akasimamisha hotuba. Papa hakurudi. Tuliuliza kila mtu aliyevuka. Mwaka jana tulimzika Mama, na hadi mwisho hakujua kwamba mtumbwi ambao haukumuua ungeweza kuwapakia wote wawili, yeye na mumewe, siku moja kabla.

Nilirudi Uvira nikiwa mtu. Nimepima viwanja, nimepima barabara, nimejenga nyumba ya matofali ya kuchoma yenye veranda mbili, na wale walioniona nikiondoka na nguo moja sasa wananiita injinia. Hilo la gundi dirishani lilipotokea, niliona kuna pahali pamoja tu sijapima. Nikamtafuta Yomba. Amezeeka, jicho moja limefunga ukungu, lakini mtumbwi anaujua kwa makalio. Ana injini sasa. Alikataa kuiwasha. Alisema kule tunaenda na tanga.

Kisiwa bado kipo, ila kimepungua. Ninyi mnaoishi kando mnajua ziwa lilivyopanda miaka hii na kula nyumba za watu. Jiwe limezama. Juu ya ule mchanga, nilipotumbukiza kamba yangu, palikuwa na maji mita mbili na robo, na sasa kwa kweli ni kisiwa, hata buti za dunia nzima zisingevuka. Nilisimamisha mashine upande huu, nikaweka alama upande ule, nikapima upana wote. Mita mia tatu hamsini na tatu. Nikatoa kalamu, nikagawa kwa mzunguko wa gurudumu la kinga kubwa, lile la zamani.

Mia moja sitini na moja, na kitu kidogo.

Mtoto yule alikuwa anajua kupima. Machozi, kulia, kukimbia, hayo yote, na hakukosea hata mshono mmoja. Angeweza kumwambia Papa kweli maji yako mstari wa ngapi.

Nikamwambia Yomba. Nilimwambia pale juu ya maji, mgongo wangu kwake, mashine mapajani, yote: mchanga, uji, mstari wa pili, kidole gumba cha Papa. Tanga lilipigapiga. Yomba akaikaza kamba yake.

"Weye," alisema hatimaye, "unajiona uko na akili mingi, tangu utoto."

"Ndiyo, Yomba."

"Basi sikia. Minye niliona iyo mchanga mbele yako. Siku ile ile, asubuhi, nikiwa narudi na mutumbwi. Niliiona na macho yangu yote mbili. Nikanyamaza, sababu ya dada yangu. Kwa hiyo, iyo mambo ni yangu. Si yako. Umesikia?"

Niligeuka kumtazama. Alikuwa ametazama mbele, ameshika kamba ya tanga kwa ule mkono ambao Mama aliung'ata.

Mimi ni mpimaji. Nilikuwa nimemaliza kuchora kisiwa kile chote dakika chache kabla, na karatasi ilikuwa bado mikononi mwangu. Yomba alikuwa akija kila siku kutoka mashariki, kutoka katikati ya ziwa. Mchanga uko magharibi. Kati yake na mchanga kuna kilima, na hakuna jicho la mtu, hata likiwa zima, linaloona kupita kilima kile.

"Umesikia?" aliuliza tena.

"Basi vizuri, Yomba," nilisema.

Akageuza tanga, tukarudi.